Kisima cha Mwisho Kilitoa Chumvi

Wa kwanza kuyaonja maji yale alikuwa mwenzangu wa kuchimba, mzee mfupi mwenye mabega mapana ambaye alikuwa ameingia na kutoka ndani ya mashimo yangu yote tangu nifike upande ule wa ziwa. Alichota kwa kikombe cha bati kutoka kwenye ndoo, akasukutua, akatema pembeni. Kisha akanipa kikombe. Nikaonja. Sikutema, maana akina mama wa kamati walikuwa wamesimama wakinitazama mdomoni, lakini nilijua papo hapo. Maji yalikuwa safi, maangavu, ya baridi, na yalikuwa na chumvi.

Mwenyekiti wa kamati ya maji alininyang'anya kikombe. Alikuwa mama wa makamo, mjane, muuza samaki wa kukausha, mwenye sauti iliyozoea kuita watu kutoka mbali. Alikunywa yote yaliyobaki, akajifuta mdomo kwa ncha ya leso.

"Fundi," alisema, "hii maji iko na chumvi."

"Ndiyo, mama."

"Itaisha?"

"Tutayatoa yote, tuyaache yajae upya, tuone. Wakati mwingine yanabadilika."

Hayakubadilika. Tulivuta ndoo kutwa nzima mpaka tope likaonekana chini, tukalala, asubuhi tukarudi na kikombe. Chumvi ilikuwa ile ile. Akina mama waliondoka mmoja mmoja na madumu yao matupu, wakashika njia ya ziwani kama walivyofanya siku zote, na mimi nikakaa juu ya rundo la mawe waliyoyabeba wao wenyewe kwa vichwa. Nilikuwa nimebakiza wiki moja kurudi kwetu.

Ilikuwa miaka ya themanini ikielekea ukingoni. Mimi ni mtu wa Morogoro, fundi wa maji, na nilikwenda Kenya kujitolea kupitia shirika moja la makanisa lililokuwa likichimba visima katika vijiji vya kando ya ziwa. Mpaka baina ya nchi zetu ulikuwa umefunguliwa tena baada ya kufungwa kwa muda mrefu, na kwa watu wa nyumbani safari yangu ilikuwa jambo la kuonewa wivu, kwa sababu huko kulikuwa na sabuni na sukari madukani. Mimi nilikuwa kijana bado, sina mke, na nilitaka kuona kwa watu. Shirika lilinipa chumba, baiskeli na posho ya kununulia unga.

Niliuliza mwanzoni, kama anavyoweza kuuliza mtu yeyote, visima vya nini kwa watu wanaoishi kando ya ziwa kubwa kiasi kile. Jibu nililiona mwenyewe siku za mwanzo. Pale pale palikuwa bafu, palikuwa dobi, ng'ombe waliteremka kunywa na kukojoa, na mita chache pembeni mtu anachota maji ya chai. Mvua kubwa zikianza, kipindupindu nacho kinaanza. Watoto walikojoa damu kwa kichocho, na wazazi wakaliona jambo la kawaida, kama kung'oka meno.

Kijiji cha kisima hiki cha mwisho kilikuwa upande wa kusini wa Kisumu, ukishapita Ahero na Katito, mahali ambapo ardhi ni nyeusi, kiangazi inapasuka na masika inameza gari. Watu walinipokea vizuri. Kiswahili changu kiliwachekesha. Walisema naongea kama redio. Nikisema "tafadhali naomba maji ya kunywa," watoto walirudia neno kwa neno, wakakimbia wakicheka. Nami kidogo kidogo nikaanza kuongea kama wao, na kila nilipokwenda mjini ilinibidi nijikumbushe.

Lakini katika wiki ile ya mwisho sikuwa naongea na mtu zaidi ya ilivyolazimu. Nilikuwa nimechoka. Kuchoka kwa mikono nilikuzoea, kunaisha ukilala. Huku kulikuwa kwingine. Kulitokana na kushuka shimoni na kupanda, na malaria isiyotoka kabisa mwilini, na vikao vya kamati ambako neno moja lilizungushwa kutoka asubuhi mpaka jua likawa kali, na kuombwa. Kila mtu aliyejua naondoka aliniomba kitu: baiskeli, koti, redio ambayo sikuwa nayo, anwani ya mtu Dar es Salaam. Niliwaelewa. Ila nilifika mahali nikimwona mtu anakuja njiani, natamani akate kona.

Tulifunika shimo kwa mbao na miiba, na nikapanda gari kwenda Kisumu kutoa taarifa.

Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja nyuma ya jengo la kanisa. Mratibu alikuwa kijana mpole aliyefunga tai hata wakati wa joto. Alinisikiliza, akatikisa kichwa.

"Pampu haiwezi kuwekwa hapo," alisema. "Chumvi itaila."

"Najua."

"Na hela za kuchimba kingine hakuna mpaka mwaka ujao. Pengine na mwaka ujao hakuna. Funga hapo, fundi. Umefanya kazi. Nenda nyumbani upumzike."

Nilitarajia kubishana naye. Nilikuwa nimeyapanga maneno njiani kote. Badala yake nikahisi kama mtu aliyetuliwa gunia mgongoni, nikamshukuru, nikatoka nje. Siku ile ile nikakata tiketi ya basi la kwenda mpakani.

Nilipokuwa mjini nililala kwa bibi mmoja Mwislamu aliyekuwa na nyumba ya vyumba vya kupangisha. Baba yake alitoka pwani zamani, mama yake alikuwa wa huku huku, na Kiswahili chake kilinipumzisha masikio. Aliniangalia nilivyoingia na mkoba wangu.

"Baba, umebaki mifupa," alisema. "Hao watu walikuwa wakikulisha au walikuwa wakikula?"

Alinipikia uji wa pilipili manga, akanifunika blanketi mchana kweupe. Nililala. Niliamka, nikaenda Kibuye sokoni, nikatembea katikati ya milima ya mitumba huku homa ikinipanda. Nilinunua miche ya sabuni, koti la sufu kwa ajili ya mama yangu, na sufuria moja kubwa. Nilikaa kitandani nikipanga vitu kwenye begi, nikavitoa, nikavipanga tena. Sikuwaza kijiji hata kidogo. Niliona nimemaliza.

Asubuhi iliyofuata bibi aligonga mlango akasema nina mgeni.

Mwenyekiti alikuwa ameketi uani juu ya kigoda, kikapu cha samaki mbele yake, viatu vyake vya raba vimejaa vumbi. Alikuwa ameondoka kwake alfajiri, akapitia ofisini kuuliza nilikolala. Hakuinuka. Nilimsalimia, akaitikia, akaniuliza habari ya homa, nikamuuliza habari ya nyumbani. Tulimaliza salamu zote kama inavyotakiwa.

"Ulienda bila kusema kwaheri," alisema.

"Nilikuja ofisini, mama. Halafu homa ikanishika."

"Na kesho unaenda Tanzania."

"Kesho, ndiyo."

Aliwafukuza inzi kwenye kikapu. Kisha akasema bila kunitazama, "Wanasema ni mimi."

"Ni wewe umefanya nini?"

"Chumvi. Wanasema ni mimi nilileta chumvi."

Sikuelewa, na akanieleza taratibu, kama mtu anayemweleza mtoto. Siku ya kufungua ardhi, nani alipiga jembe la kwanza? Ni yeye. Nilikumbuka vizuri, mimi ndiye niliyempa jembe, kwa kuwa alikuwa mwenyekiti, na watu wakapiga makofi. Lakini yeye alikuwa mjane, na tangu mumewe afariki alikuwa amekataa kurithiwa. Ndugu wa marehemu walimletea mtu, akamkataa. Wakaleta mwingine, akasema ameokoka, hataki. Kwa watu wa pale mjane wa namna hiyo ana mambo mengi hapaswi kuyatangulia: kupanda mbegu kabla ya wengine, kuingia nyumba za watu ovyo, kuanzisha jambo. Akitangulia, inakuja ile wanayoiita chira, laana inayowakondesha watu na kuharibu mambo bila sababu ya kuonekana. Na sasa kila mtu alikuwa na sababu ya kuonekana. Maji yalikuwa na chumvi.

"Shemeji yangu anasema. Bibi ya mzee wa kijiji anasema," aliendelea. "Juzi nilikuwa ziwani kununua samaki. Mwanamke mmoja, tumeuza pamoja tangu tukiwa wasichana, alitoa kikapu yake karibu na yangu. Hakusema kitu. Alitoa tu, akaenda kuweka kule."

"Pole, mama."

"Sikukuja kwa pole. Nataka uje useme."

"Niseme nini?"

"Ile uliniambia mimi. Ati chumvi iko kwa mawe, huko chini. Iko huko tangu zamani, hata bwana yangu hajazaliwa, hata baba yake hajazaliwa. Uje useme hivyo mbele ya watu wote."

Nilimwambia mzee tuliyechimba naye anaweza kusema. Anaijua ardhi kuliko mimi.

"Huyo ni binamu ya bwana yangu. Watasema ananitetea. Wewe ni mgeni, na wewe ni fundi."

"Mama, nimeshakata tiketi. Mimi ni mgonjwa."

"Naona."

Sitaficha nilivyojisikia: nilikasirika. Nilikasirika kwa sababu alikuwa amenifuata mpaka kitandani, na kwa sababu alichokitaka kilikuwa haki, na haki ile ilikuwa barabara ya vumbi na kikao kirefu na nyuso zote zile tena. Alianza kutoa samaki kikapuni, akachagua wakubwa, akawaweka kwenye sinia la bibi mwenye nyumba kama zawadi, kana kwamba amekuja kwa hilo tu. Bibi alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza waziwazi.

"Mwanangu," alisema, "basi lipo kila siku."

Tulirudi kwa lori lililokuwa likifuata mchanga. Dereva alimweka mwenyekiti mbele na mimi nyuma, juu ya turubai, pamoja na makoleo. Nilijifunika koti nililomnunulia mama, begi na sufuria vikiwa kando yangu.

Kikao kilifanyika Jumapili baada ya ibada, katika darasa la shule ya msingi. Wanaume wazee walikaa kwenye madawati madogo ya watoto, magoti yamefika kifuani. Wanawake wengi walikaa sakafuni na wengine wakasimama nje ya dirisha. Mwenyekiti alikaa mbele, peke yake, mgongo wima. Niliona nafasi iliyokuwa imeachwa kati yake na wenzake wa kamati. Haikuwa kubwa. Mgeni asiyejua asingeiona.

Nilisimama nikazungumza, na mwenzangu wa kuchimba akawa anatafsiri kwa Kijaluo. Nilieleza jinsi maji yanavyopita ndani ya ardhi, yanavyokutana na mawe yenye chumvi, yanavyoibeba. Nilichora ubaoni kwa chaki. Nilipomaliza maelezo marefu, mzee alisema sentensi moja fupi akanyamaza, akanisubiri. Nikaendelea kwa marefu, naye kwa mafupi. Watu walisikiliza kwa adabu. Nilijua adabu ile. Ni ile ambayo watu walimpa kila mgeni wa shirika, kisha wakaenda kufanya walivyojua.

Shemeji wa mwenyekiti akainua mkono. Alikuwa mtu wa heshima, mrefu, mtaratibu wa kuongea.

"Fundi, tunashukuru. Lakini mimi nauliza. Ile kisima ulichimba kijiji ya pili, kule karibu na kanisa, maji yake ni tamu. Si mbali. Ardhi si ni moja?"

"Ardhi si moja, mzee. Hapa kwako unaweza kukuta mwamba, kwa jirani mchanga."

"Sawa. Na huko, nani alipiga jembe ya kwanza?"

Kule alikuwa amepiga mzee mmoja aliyeheshimiwa, mwenye wake na wana, mtu ambaye hakuna aliyemtilia shaka kwa lolote. Kila mtu mle ndani alijua. Nikasema mimi ndiye niliyeonyesha pa kuchimba, kule na hapa, na kama kuna mtu wa kuulizwa habari ya chumvi, ni mimi.

"Wewe unaenda," alisema shemeji. Hakusema kwa ubaya. "Sisi tunabaki na yeye."

Hapo nguvu ziliniishia. Nilikuwa na homa, chaki imenivunjikia mkononi, na maelezo yote ya mawe na maji yakanitoka kichwani. Nikasema, "Nimechoka." Mwenzangu hakutafsiri. Alinitazama tu. Basi nikasema nilichobakiwa nacho. Kwamba mimi si mtu wa pale na mambo ya mila yao siyajui na sitayafundisha. Lakini nilikuwepo kila siku, na niliona nani alikuja. Nilimwona huyu mama akibeba mawe kutoka kilimani kabla ya kwenda kuuza samaki, na akirudi kutoka kuuza samaki akibeba tena. Wakati wa kipindupindu nilimwona anapita nyumba hadi nyumba na chumvi na sukari kwenye karatasi, za kuwakorogea wagonjwa maji, na hakuna nyumba iliyomzuia mlangoni siku hizo. Kama aliruhusiwa kuingia wakati ule, nilisema, basi mimi sijui leo amekosa nini.

Safari hii mzee alitafsiri kwa urefu. Alitafsiri kwa muda mrefu kuliko nilivyosema mimi, na sauti yake ikapanda mahali fulani, na mwanamke mmoja pale sakafuni akainamisha kichwa. Sijui aliongeza nini. Sikumuuliza.

Alipomaliza, nje mbuzi alilia. Kisha kutoka dawati la nyuma, babu mmoja aliyekuwa amesinzia kikao kizima, au nilidhani amesinzia, akauliza swali kwa Kijaluo. Watu wakageuka.

"Anauliza," mwenzangu alisema, "ng'ombe inaweza kunywa?"

Nilidhani ananidhihaki. Nikamtazama, naye akanitazama kwa macho ya mtu anayetaka kujua.

"Anaweza," nikasema. "Chumvi yenyewe si nyingi. Ng'ombe anaipenda."

Basi kikao changu kikaishia hapo. Wanaume wote walianza kusema kwa pamoja. Kiangazi kilikuwa kikali, ziwa lilikuwa limerudi nyuma na kuacha tope ambamo ng'ombe walizama mpaka tumbo, wengine wakavunjika miguu, na kila mfugaji alikuwa akinunua magadi ya kulambisha mifugo. Walizungumza mbele yangu kana kwamba sipo. Nilikaa kwenye dawati nikajishika kichwa. Nilikuwa nimekuja kumtetea mtu, na sasa watu wanajadili kwato.

Mwenyekiti alielewa kabla yangu. Niliona uso wake ukibadilika polepole, macho yakianza kuhesabu.

Tulikwenda kisimani wote, hata waliovaa kanzu nyeupe za ibada. Mbao zikaondolewa, ndoo ikateremshwa, na mtu akaleta ng'ombe mtamba aliyekuwa amefungwa karibu. Mnyama alinusa, akanywa, akainua kichwa huku maji yakimchuruzika, kisha akarudisha mdomo kwenye ndoo na kuisukuma mpaka ikagonga mawe. Watu wakacheka. Shemeji alicheka pia, akasogea mbele, akashika kamba ili achote nyingine. Mtamba alikuwa wake.

"Hiyo kamba ni ya kamati," mwenyekiti alisema.

Alisema kwa Kiswahili, nadhani ili nami nisikie. Shemeji akasimama na kamba mkononi.

"Tunaomba, basi," alisema.

"Chota. Lakini wenye ng'ombe watajenga mahali ya kunyweshea. Ng'ombe haitakanyaga mawe yetu. Leteni mchanga. Saruji iko."

Saruji ilikuwepo kweli, mifuko iliyobaki, imefungiwa kwenye stoo ya mwalimu. Kwa haki ilitakiwa irudi Kisumu. Sikuwa na nguvu ya kuirudisha, wala nia.

Kwa hiyo siku zangu za mwisho za kujitolea, ambazo ofisini walidhani nazitumia kitandani, nilizitumia kujenga hori la ng'ombe. Wanaume waliokuwa hawaonekani wakati wa kubeba mawe ya kisima cha watu walijitokeza na mchanga, na kokoto, na maneno mengi. Mwenzangu na mimi tulipanga matofali, tukapiga lipu, tukaweka mteremko wa maji yanayomwagika yasirudi shimoni. Nilifanya kazi asubuhi, jua likipanda nalala kivulini chini ya ukuta wa shule, natetemeka, kisha naamka naendelea. Hakuna wimbo wala furaha ndani yake. Nilitaka liishe. Nakumbuka nikilainisha ukingo kwa mwiko na kuwaza kwamba nimevuka mpaka, nimezama katika mashimo yote yale kwa ajili ya watoto wanaokojoa damu, na kazi ya mwisho itakayobaki na alama za vidole vyangu ni ya ng'ombe.

Tulilifunika kwa magunia mabichi ili saruji ishike vizuri. Nilimpa mwenzangu mabuti yangu ya mpira. Hakuwa ameyaomba, alikuwa mtu pekee ambaye hakuniomba kitu. Aliyavaa pale pale, akatembea hatua chache, yakampwaya.

"Nitaweka nguo ndani," alisema. Kisha akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, mikavu kama gome, akanishikilia muda mrefu. "Ero kamano," akasema mwishoni, asante, akachukua sululu yake akaenda kwake.

Mwenyekiti alinisindikiza mpaka barabarani. Alibeba sufuria yangu kichwani na samaki wa kukausha ndani yake, waliofungwa kwenye gazeti, chakula cha njiani. Tuliketi kwenye jiwe tukisubiri gari.

"Bado wanasema?" nilimuuliza.

"Wanasema. Lakini jana bibi ya mzee wa kijiji alikuja kuomba kamba."

"Ukampa?"

"Nilimpa. Nilimwambia arudishe mapema."

"Na yule wa kikapu?"

Alitikisa kichwa. "Huyo bado."

Alichezea ncha ya leso. Wanawake walikuwa wakipita wakitoka ziwani na madumu ya maji, maji yale yale, wakitusalimia. Alizijibu salamu zote. Wengi walimsalimia kwa jina lake, mmoja alisalimia akitazama mbele.

"Sasa fundi, sisi tutakunywa nini?"

Nilikuwa nikilisubiri swali hilo tangu siku ya kikombe. Nilimwambia mratibu amesema huenda mwaka ujao. Alicheka kidogo kwa pua.

"Tutachemsha," alisema. "Kuni ikipatikana."

"Chemsheni, mama. Hata kama ni kwa watoto tu."

"Utarudi?"

Nilitaka kusema ndiyo. Lilikuwa jibu rahisi kuliko yote.

"Sijui, mama."

"Hiyo ni sawa. Wale wa mbele yako walisema watarudi. Tulikuwa tunaangalia barabara."

Gari lilikuja, likasimama, utingo akatupa begi langu juu. Mwenyekiti alinipa sufuria dirishani. Hakupunga mkono. Nilipotazama nyuma alikuwa ameshageuka, anatembea haraka kama mtu mwenye biashara ya kuwahi.

Kisumu sikukaa. Bibi alinipa chapati na kunisomea dua mlangoni, nikapanda basi la mpakani. Nililala Kisii yote. Mpakani ofisa wa upande wetu alifungua begi akatazama ile sabuni, akaninusia samaki, akaniuliza nilikuwa nafanya kazi gani huko.

"Kujitolea," nikasema.

"Kujitolea kwa nani?"

Alitaka jibu lolote la kupitishia muda, lakini nilisimama pale nikatafuta la kusema mpaka mtu wa nyuma yangu akaguna. Ofisa akafunga begi. Nilifika Mwanza, nikapanda treni, na safari yote ile ya nyanda kavu na vituo vya usiku na mchana siikumbuki ila harufu ya samaki kwenye sufuria.

Habari za kule zilinifikia kwa vipande miaka iliyofuata, kutoka kwa fundi mwingine aliyepita. Alisema hori lipo, limepasuka upande mmoja na kuzibwa. Alisema mwenyekiti bado ni mwenyekiti, na kwamba alimfokea kwa kuegesha baiskeli vibaya. Kisima cha maji ya kunywa hakikuchimbwa wakati huo. Baadaye sijui.

Morogoro mama yangu alilivaa lile koti la sufu katikati ya joto, akazunguka nalo kwa majirani. Aliigawa sabuni vipande vipande. Alinishika viganja, akavigeuza, akavirudisha mapajani kwangu bila kuuliza. Watu walikuja kuuliza habari za Kenya: ziwa likoje, watu wakoje, ni kweli mtu anaingia dukani tu na kununua sukari? Nilijibu wa kwanza, nikajibu wa pili, kisha nikaingia chumbani nikajilaza na viatu miguuni. Siku kadhaa zilipita hivyo. Wageni walikuja na mama akawapokea mlangoni, nami kitandani nikamsikia akiwaambia kwa sauti ya chini kwamba mizigo imefika, mwanawe bado hajafika.